Hivi Masadukayo walikuwa chawa wa Warumi, au tunawaonea bure?

#1 Kobe Mkongwe
Wakuu, habari za usiku.

Nimekwama Marko 12:13. Mafarisayo na Maherodi wanatumwa pamoja kwa Yesu wakamtege kwa swali la kodi ya Kaisari. Mstari huu nimeusikia tangu utotoni na sikuwahi kushtuka. Leo nimeshtuka. Maherodi kwa jina lao tu ni watu wa Herode, na Herode kitanda chake kilitandikwa Roma. Mafarisayo nao tunaambiwa walikuwa watu wa torati, mataifa wanawaona najisi. Hawa walikutana wapi mpaka wakaenda safari moja?

Nikaanza kufukua madhehebu yote ya wakati ule, na msimamo wangu ni huu. Masadukayo walikuwa chawa, kuhani mkuu anawekwa na kutolewa na Mrumi. Mafarisayo walikuwa vuguvugu. Waesene walikimbilia jangwani wakaacha wenzao. Wazelote, wale waliotaka Mrumi apigwe, peke yao ndio walikuwa na uti wa mgongo.

Mwenye hoja aje. Mwenye mahubiri asubiri Jumapili.

#2 Njugu Mawe
Nimeweka kigoda. Karanga ninazo.

#3 Fundi Saa
Mkuu Kobe, kwenye kuwekwa na kutolewa nakuunga mkono, tena ngoja nikuongezee.

Mwaka 6 BK Arkelao, mtoto wa Herode Mkuu, alivuliwa utawala akapelekwa uhamishoni Gaul. Uyahudi ukawa chini ya Mrumi moja kwa moja. Kirenio, huyuhuyu wa Luka 2, ndiye aliyemweka Anasi ukuhani mkuu. Anasi akakaa mpaka 15, liwali Gratus akamtoa. Kisha huyo Gratus akabadilisha kama mtu anayejaribu viatu dukani: Ishmaeli, Eleazari, Simoni, halafu Kayafa. Kayafa akakaa mpaka karibu 36, maana yake miaka yote ya Pilato alikuwa palepale. Mwanahistoria Josephus alihesabu makuhani wakuu 28 tangu Herode mpaka hekalu linaungua mwaka 70. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya maisha.

Na kuna jambo linaniuma kuliko idadi hiyo. Mavazi ya kuhani mkuu, yale ya sikukuu, Warumi waliyafungia kwenye ngome ya Antonia iliyopakana na hekalu.

#4 Mama Nuhu
Fundi, mavazi yalifungiwa? Hebu fafanua, hili sijawahi kulisikia kwenye mimbari yoyote.

#5 Fundi Saa
Mama Nuhu, yaliwekwa kwenye chumba cha mawe. Mlango ulipigwa muhuri wa makuhani na wa watunza hazina, na mkuu wa ngome alitakiwa kuwasha taa mle kila siku. Siku 7 kabla ya sikukuu yanatolewa, yanatakaswa, kuhani anayavaa, na siku ya kwanza ya sikukuu ikipita yanarudishwa kwenye kile chumba. Pasaka, Pentekoste, Vibanda, na ile siku ya kufunga. Mchezo ni uleule kila mwaka.

Si Warumi walioanzisha, tuseme kweli. Herode ndiye aliyeanza kuyashikilia, wao wakarithi ufunguo. Vitellius, mkuu wa Shamu, akayarudisha mwaka 36 au 37. Baada ya Agripa wa kwanza kufa mwaka 44 liwali Fadus akataka yarudi ngomeni, Wayahudi wakatuma wajumbe hadi Roma, Kaisari Klaudio akawakubalia wabaki nayo.

#6 Shemasi Mstaafu
Hili la mavazi limenigusa pabaya. Mimi nilikuwa kwaya miaka mingi. Parokia fulani, sitaitaja, majoho ya kwaya yalikuwa kwenye kabati na ufunguo uko kwa mzee mmoja aliyekuwa hapatani na mwalimu wetu. Kila Krismasi tunakwenda kwake wanne, tunapewa soda, tunaulizwa habari za nyumbani mpaka saa tatu usiku, ndipo ufunguo unatoka mfukoni. Alikuwa hasemi neno baya hata moja. Lakini ukiimba siku ya pili unajua unaimba kwa ruhusa ya nani.

Kwa hiyo nikisoma habari ya Antonia najua kabisa ile taa ilikuwa ya nini.

#7 Ngalawa ya Pwani
Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, nimepita nikavutwa na neno moja: liwali. Mnalitumia kama maji ya kunywa.

Liwali ni neno la huku kwetu, kutoka Kiarabu, al-wali. Alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar katika miji ya mwambao, kisha Mwingereza akaja akamwacha palepale na kiti chake, anahukumu kesi, lakini kauli ya mwisho iko kwa Mzungu. Wafasiri wa Biblia ya 1952 wakamvika Pilato vazi hilo. Nadhani ndipo mnapopotea. Liwali wa pwani kwa hesabu zenu ni Kayafa, si Pilato! Pilato ni yule bwana mwenye kofia ngumu.

#8 Fundi Saa
#7 umenimaliza. Nimesoma neno hilo miaka 40 na sikuliona.

#9 Njugu Mawe
Na usisahau kwenye Biblia hiyohiyo yule mkuu wa askari wa Kapernaumu anaitwa *akida*. Kwa bibi yangu kusini ukisema akida hakumbuki imani ya mtu wa Kapernaumu, anakumbuka simulizi za Mjerumani, kodi ya nyumba ya 1898 na kiboko. Watafsiri walikuwa na maneno ya serikali mkononi wakayatumia yalivyo.

#10 Wakili wa Upande wa Pili
Nitasimama na Masadukayo maana naona hawana mtu.

Someni Yohana 11:48. Hofu yao ni kwamba Warumi watakuja wawaondolee mahali pao na taifa lao. Tunausoma kama maneno ya waoga. Lakini hesabu miaka: Herode alipokufa 4 KK watu walichachamaa, Varus akashuka kutoka Shamu akasulubisha kama watu 2,000. Mwenye umri wa Anasi aliiona hiyo akiwa mtu mzima. Mwaka 6 sensa inakuja, nchi inataka kulipuka, kuhani mkuu Yoazari anawabembeleza watu waandikishwe. Chawa? Au mzee wa mtaa anayezuia vijana wasirushe mawe kwa sababu anajua bunduki ziko wapi?

Na mwaka 70 kilichotokea ni kilekile walichokiogopa, neno kwa neno.

#11 Kobe Mkongwe
Wakili, umejitahidi. Ila mzee wa mtaa wako alikuwa na jumba Yerusalemu ya juu. Amani ile ilikuwa na faida kwake.

#12 Mwalimu Tausi
Jamani, mnakimbilia siasa mnaacha imani zao zenyewe. Masadukayo hawakukubali ufufuo wala malaika (Matendo 23:8), na kwa maelezo ya Josephus walisema mambo ya mtu yako mikononi mwake mwenyewe, si majaaliwa. Mtu wa namna hiyo lazima atunze hekalu leo, maana hana kesho nyingine. Mafarisayo waliamini Mungu anaendesha mambo na wafu watafufuka, kwa hiyo Roma inaweza kusubiriwa. Waesene ndio majaaliwa matupu: kila kitu kimeshaandikwa.

Mimi naona siasa yao ilitoka kwenye elimu yao ya mwisho wa mambo, si mfukoni.

#13 Kijana wa Kata
Mwalimu Tausi umetema nondo. Ila Wazelote ndio wababe. Kule kwenye ngome ya Masada walikubali kufa wote wasishikwe na Warumi. Hakubaki hata mmoja!!

#14 Msafiri Haachi Fimbo
Kijana, hiyo ni chai nusu. Nilikwenda hija na kundi la kanisa, tukapandishwa Masada kwa gari la kamba (wenye magoti mazima walipita njia ya nyoka, mimi sikuthubutu). Mwongoza wageni alitusimulia kama wewe. Niliporudi nikatafuta Josephus mwenyewe.

Kwanza walisalia: wanawake 2 na watoto 5, walijificha kwenye njia ya maji chini ya ardhi. Waliokufa anasema 960. Pili, hawakuwa Wazelote bali Sicarii, watu wa visu vifupi vya kuficha kwenye nguo. Hao ndio kwenye Matendo 21:38 wameandikwa "Wauaji". Tatu, hao mashujaa wako kabla ya hapo walishuka En Gedi, kijiji cha Wayahudi wenzao, wakati wa sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu, wakaua wanawake na watoto zaidi ya 700 na kubeba mazao.

Sijasema hawakuwa na sababu ya kuichukia Roma. Nasema mbabe wako muangalie pande zote.

#15 Kijana wa Kata
Duh. Hiyo ya En Gedi sikuwa naijua. Asante mkuu.

#16 Fundi Saa
Nyongeza kwa #14. "Wazelote" kama chama chenye jina hilo Josephus anawaleta wakati wa vita yenyewe, 67 hadi 68. Simoni Zelote wa Luka 6 anaweza kuwa tu mtu mwenye wivu wa dini. Na yule Simoni *Mkananayo* wa Mathayo 10 si mtu wa Kanaani, ni neno la Kiaramu lenye maana hiyohiyo ya mwenye bidii. Nimesikia mahubiri mazima yamejengwa juu ya Simoni kutoka Kanaani.

#17 Shemasi Mstaafu
Mahubiri hayo nimeyatoa mimi. Mwaka 1994. Mniwie radhi.

#18 Njugu Mawe
😂😂 Karanga zimenipalia.

#19 Mtoto wa Mhasibu
Mnazunguka mbuyu. Ni pesa.

Mwaka 66 waasi walipoingia Yerusalemu ya juu walichoma nyumba ya kuhani mkuu Anania, wakachoma majumba ya Agripa wa pili, halafu wakaenda wapi? Kwenye nyumba ya kumbukumbu, wakateketeza hati za madeni. Josephus anasema wazi walitaka kuwavuta wadaiwa upande wao. Mtu ambaye shida yake ni sanamu ya Kaisari hachomi daftari la madeni. Cheche yenyewe ilikuwa pesa pia: liwali Florus alichota talanta 17 kwenye hazina ya hekalu. Na kabla yake Pilato alichukua fedha za Korbani, hazina takatifu ya hekalu, akajengea mfereji wa maji, watu wakapiga kelele, akachanganya askari waliovaa kiraia na marungu ndani ya umati.

Madhehebu ni rangi tu ya jezi. Mechi ilikuwa ya mwenye nacho na asiye nacho.

#20 Mwalimu Tausi
#19, mbona basi Pilato alipoingiza usiku zile bendera zenye sura ya Kaisari watu walikwenda Kaisaria, wakakaa nje ya nyumba yake siku 5, siku ya 6 wakazungukwa na askari, wakalala chini wakafunua shingo wachinjwe? Deni lilikuwa wapi hapo? Aliziondoa. Na Kaligula alipotaka sanamu yake iwekwe hekaluni, wakulima waliacha mashamba bila kupanda. Maskini haachi shamba kwa sababu ya tumbo.

#21 Mtoto wa Mhasibu
Hiyo ya shingo imenikaa. Sina jibu la haraka.

#22 Mkatoliki wa Kwa Mtogole
Ndugu zetu wa upande wa pili hamjui mlikoanzia kwa sababu vitabu vyenu ni pungufu 😀. Fungueni 1 Makabayo 8. (Hamna? Azimeni.) Yuda Makabayo mwenyewe, shujaa wa taifa, alituma Eupolemo na Yasoni mpaka Roma wakafunge urafiki, karibu 161 KK. Walimwalika tembo kuwafukuzia panya.

Halafu 63 KK ndugu wawili wa ukoo huohuo, Hirkano na Aristobulo, wanagombea kiti, wote wawili wanakwenda kumlilia Pompey, jemadari wa Kirumi. Na lilikuwapo kundi la tatu mbele ya Pompey, likasema hawa wote hatuwataki, turudishieni utawala wa makuhani bila mfalme. Pompey akaishia kuingia Patakatifu pa Patakatifu na viatu vyake.

Chawa wa kwanza hawakuwa Masadukayo. Ilikuwa ni familia ya ukombozi.

#23 Kobe Mkongwe
Mkatoliki, utani nimeupokea, kitabu nitaazima. Lakini urafiki wa mbali na kuwekewa kuhani ni vitu viwili.

#24 Ngalawa ya Pwani
Huanza hivyohivyo, ndugu yangu. Kwanza mkataba wa urafiki.

#25 Wakili wa Upande wa Pili
Nimerudi na kesi imekuwa tamu. Swali kwa Kobe: ni dhehebu gani lililoanzisha vita ya 66?

Aliyesimamisha sadaka iliyotolewa hekaluni mara mbili kwa siku kwa ajili ya Kaisari na watu wa Roma, na hapo ndipo vita vilipotangazwa, alikuwa Eleazari, akida wa hekalu, *mtoto wa kuhani mkuu Anania*. Anania huyu ndiye aliyeamuru Paulo apigwe kinywani, Matendo 23. Mtoto akaasi, baba akajificha kwenye mfereji wa maji, Sicarii wakamtoa wakamuua. Nyumba moja!

Ila sikilizeni hii. Kati ya makuhani wakuu wote wa wakati wa Warumi, mmoja tu Josephus anamwita Msadukayo kwa jina: Anano, mtoto wa yule Anasi wa #3. Mwaka 62 liwali Festo amekufa, Albinus wa kushika nafasi yake hajafika, Anano akaitumia nafasi hiyo akamhukumu Yakobo ndugu wa Yesu apigwe mawe. Waliolalamika ni watu makini wa sheria, wengi wanadhani Mafarisayo, na wakamshitaki kwa Agripa na kwa Mrumi mwenyewe. Akavuliwa baada ya miezi 3. Mwaka 66 Anano huyohuyo Msadukayo akachaguliwa kuongoza ulinzi wa Yerusalemu dhidi ya Roma.

Kwa hiyo kwenye faili lenu: Msadukayo anaongoza vita, na watu wa sheria wanakimbilia kwa Mrumi kushitaki. Chawa ni nani?

#26 Kobe Mkongwe
Hapo umenipiga. Natafakari.

#27 Fundi Saa
Kidogo, Wakili. Hiyo sadaka ya kila siku: Philo wa Aleksandria anasema gharama alitoa Kaisari, Josephus kwenye kitabu kingine anasema Wayahudi wenyewe ndio waliolipa. Si jambo dogo. Kama ni mfuko wa Kaisari, kuikataa ni kurudisha zawadi. Kama ni mfuko wao, ni kusitisha kodi ya heshima.

#28 Bi Mkubwa wa Mtaa wa Saba
Naombeni niulize: kila mtu humu anasema "Josephus anasema". Huyo Josephus ni nani na tumwamini kwa nini?

#29 Msafiri Haachi Fimbo
Swali la siku hilo, bi mkubwa.

Alizaliwa 37, ukoo wa makuhani. Anasema alijaribu madhehebu yote matatu, akakaa jangwani miaka 3 na mtu aitwaye Bannus, kisha akiwa na miaka 19 akaanza kuishi Kifarisayo. Vitani alikuwa kamanda wa Galilaya. Mji wa Yotapata aliokuwa akiulinda ukaanguka mwaka 67, wenzake wakauana kwa kupiga kura, yeye akabaki na mmoja, wakajisalimisha. Akamwambia Vespasian, jemadari wa Kirumi, kwamba atakuwa Kaisari. Ikawa. Akapewa uraia, makazi Roma na posho, akaandika hapo.

Sasa tazama anavyowagusa waasi. Kwenye *Vita vya Wayahudi*, kitabu cha mwanzo, Yuda Mgalilaya wa sensa ya mwaka 6 ana dhehebu lake mwenyewe lisilofanana na mengine kwa lolote. Miaka kama 20 baadaye, kwenye *Mambo ya Kale*, anasema wafuasi wa falsafa hiyo ya nne wanakubaliana na Mafarisayo kwa kila kitu isipokuwa uhuru, na kumbe aliyeanza pamoja na Yuda alikuwa Sadoki, *Mfarisayo*. Mwanzoni alimficha.

#30 Bi Mkubwa wa Mtaa wa Saba
Basi huyo naye chawa.

#31 Njugu Mawe
Bi mkubwa kamaliza kazi ya maprofesa kwa sentensi moja.

#32 Mwalimu Tausi
Ndiyo maana siwezi kukubali neno "vuguvugu" kwa Mafarisayo. Hawakuwa kitu kimoja. Pollio na Sameas waliwashauri watu wamfungulie Herode milango mwaka 37 KK. Lakini Mafarisayo zaidi ya 6,000 walikataa kula kiapo cha utii kwa Kaisari na Herode, wakatozwa faini, na mke wa ndugu yake Herode akawalipia. Gamalieli anasema mwacheni Mungu aamue (Matendo 5). Mtoto wake Simoni yuko kwenye uongozi wa vita, tena alitaka Josephus afukuzwe ukamanda! Yerusalemu ikiwa imezingirwa, kabla hekalu halijaungua, Yohanan ben Zakkai anatolewa mjini ndani ya jeneza, anamtabiria Vespasian ukaisari (kweli, utabiri uleule wa Josephus) na anaomba mji wa Yavne na wanachuoni wake. Halafu mwaka 132 Rabi Akiva anamuunga mkono Bar Kokhba, kiongozi wa uasi mwingine dhidi ya Roma.

Kama ni vuguvugu, basi ni maji ya chooni kwa nyumba ya kupanga, moto na baridi kwa zamu.

#33 Ngalawa ya Pwani
Kuna masimulizi yao ya Talmudi, vitabu vya mafundisho ya marabi, yamenifurahisha. Marabi watatu wamekaa. Wa kwanza akasema, tazama kazi nzuri za watu hawa: masoko, madaraja, mabafu. Wa pili akanyamaza. Wa tatu, Shimon bar Yochai, akasema yote wamejijengea wenyewe: masoko waweke makahaba, mabafu wajifurahishe, madaraja watoze ushuru. Habari zikafika serikalini, bar Yochai akajificha pangoni na mtoto wake miaka 12, akila matunda ya mkarubu.

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli. Mabishano hayo nimeyasikia barazani kwetu kila Ijumaa, na wa pili alikuwapo pia.

#34 Kijana wa Kata
Na Waesene? Hao si ndio watawa, hawana habari na mtu?

#35 Fundi Saa
Hapo kuna kizungumkuti. Josephus anasema Mwesene anaapa kuwa mwaminifu kwa watawala, kwa sababu hakuna anayetawala bila Mungu kutaka. Mesene mmoja, Manahemu, alimtabiria Herode ufalme akiwa mtoto, na Herode akawaheshimu maisha yake yote. Watu wapole kabisa.

Lakini magombo yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947, ambayo wengi wanasema ni yao, yana "Wakitimu" wanaotoka mbali kama tai na kutolea sadaka bendera zao za vita. Wengi wanakubali hao ni Warumi. Na kuna gombo zima la kupanga vita ya mwisho dhidi yao, limepanga mpaka maandishi ya kwenye tarumbeta. Upole uko wapi? Ama wa Qumran hawakuwa Waesene, ama Josephus aliwapaka mafuta kwa ajili ya wasomaji wa Kirumi, ama mtu anaweza kumtii mfalme mdomoni huku amemwandikia siku yake. Qumran ikaungua karibu 68. Masada kukapatikana gombo la nyimbo za Sabato ambalo nakala zake ziko Qumran. Na kamanda mmoja wa mwanzo wa vita aliitwa Yohana Mwesene. Kwa hiyo, Kobe, "walikimbia" nalo lifute.

#36 Fundi Saa
Samahani, hapo juu "Mesene" soma Mwesene. Simu.

#37 Mtoto wa Mhasibu
Na mwisho wa yote, Mafarisayo, Masadukayo, walioasi na waliokaa kimya, wote wakatozwa drakma 2 kwa mwaka, ile nusu shekeli iliyokuwa ya hekalu, sasa inakwenda kwa Jupita kule Kapitolio. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasema akiwa kijana alimwona mzee wa miaka 90 akivuliwa nguo mbele ya afisa na watu tele, wakague kama ametahiriwa. Nirudieni mniambie si pesa.

#38 Mwalimu Tausi
Pesa wangechukua bila kumvua nguo.

#39 Kobe Mkongwe
Nimesoma yote mara mbili. Wazelote nawashusha nusu ngazi. Masadukayo nawapa dhamana, kesi bado inaendelea. Lakini swali langu la Marko 12 hakuna aliyeligusa! Maherodi na Mafarisayo walikutana wapi?

#40 Wakili wa Upande wa Pili
Kwa kuwa mtego ulikuwa na midomo miwili. Akisema lipeni, Mfarisayo anakwenda kuwaambia watu. Akisema msilipe, Mherodi anakwenda kumwambia liwali. Huhitaji urafiki kwa hilo.

#41 Mkatoliki wa Kwa Mtogole
Au ni watu wa Herode Antipa tu wa Galilaya, na Mafarisayo wa huko walikuwa jirani zao. Marko 3:6 tayari wako pamoja, Galilaya, kabla ya kodi kutajwa.

#42 Fundi Saa
Wako wataalamu waliosema Maherodi ni Waesene, kwa sababu ya ile heshima ya Herode kwao. Mimi sijashawishika ila nimeiweka mezani.

Na dinari yenyewe iliyoletwa, kama ni ya Tiberio inavyodhaniwa, iliandikwa kwamba yeye ni mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Sarafu ndogo za shaba zilizopigwa Uyahudi kwa amri ya maliwali hazikuwa na sura ya mtu, zilikuwa na mitende na masuke. Kwa hiyo swali "mnionyeshe dinari" lilikuwa pia: nani kati yenu ameingia nayo mle hekaluni?

#43 Kobe Mkongwe
Alaa! Na walikuwa nayo.

#44 Mama Nuhu
Mimi bado niko kwenye mavazi. Hekalu lilipoungua yaliishia wapi?

#45 Msafiri Haachi Fimbo
Mama Nuhu, Josephus anasema mtunza hazina aitwaye Finehasi alikamatwa, akawaonyesha Warumi kanzu na mishipi ya makuhani, na zambarau na nyekundu nyingi iliyowekwa akiba ya kushonea pazia, na mdalasini. Kwa hayo akasamehewa.

#46 Mama Nuhu
Mtunza hazina. Si alikuwa mmoja wa wale wa kupiga muhuri mlangoni, #5?

#47 Fundi Saa
Cheo ni kilekile.

#48 Njugu Mawe
Shemasi, na majoho yenu ya kwaya yaliishaje?

#49 Shemasi Mstaafu
Mzee alifariki, tukapewa ufunguo na mjane wake bila hata soda. Tulipofungua kabati, panya walikuwa wameshakula mikono ya sauti ya tatu yote. Tuliimba Pasaka ile na mashati.